Tumbo la Mtoto Mchanga Halitaki Haraka

Mtoto anapozaliwa katika nyumba yo yote ya Kenya, hazipiti siku nyingi kabla ya jamaa na majirani kufika kumtazama, na kila mmoja huja na shauri lake. Nyanya husema mtoto analia kwa kiu, apewe maji kidogo. Shangazi husema ana chango, apewe dawa ya chango au maji yenye sukari. Jirani mwenye kazi ya mshahara huleta kopo la maziwa ya unga. Na mwezi wa tatu unapoingia, sufuria ndogo ya uji mwepesi huwekwa motoni, kwa kuwa mtoto "hashibi." Watu hao wote wanampenda mtoto, wala hakuna hata mmoja anayemtakia mabaya. Walakini shauri linapotolewa ni nadra mtu kufikiri juu ya tumbo la mtoto mwenyewe, kwamba limekwisha kuwa tayari au bado.

Katika miaka ya karibuni waganga na wataalamu wamejifunza mengi juu ya jambo hilo, na waliyoyaona yanamhusu kila mzazi, awe mkulima wa Vihiga au karani wa Nairobi. Wameona kwamba chakula cha mwaka wa kwanza hakimpi mtoto nguvu na kimo tu. Chakula hicho ndicho kinachoufundisha utumbo wake kumtambua rafiki na adui. Utumbo uliofundishwa vema hutulia. Utumbo uliochafuliwa huvimba na kuwa mwekundu kwa ndani, na mtoto hudhoofika hata kama anakula. Tena yako maradhi ya namna nyingine yaitwayo mzio, ambapo mwili hukikataa chakula chema kana kwamba ni sumu. Ni vema basi kila nyumba ijue mambo haya, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa yake haiuzwi dukani.

UTUMBO NI KAMA KITALU

Mkulima wa kahawa hapandi mche mchanga moja kwa moja kwenye jua kali. Kwanza huulea katika kitalu, chini ya kivuli, katika udongo aliouchagua, na kivuli hicho hukipunguza kidogo kidogo mpaka mche upate nguvu. Utumbo wa mtoto mchanga unataka ulezi wa namna hiyo hiyo.

Ukuta wa ndani wa utumbo ni wa ajabu. Tabaka yake ya juu, ile inayogusana na chakula, ina unene wa safu moja tu ya chembe hai. Safu hiyo nyembamba imepewa kazi mbili zinazopingana: kuruhusu chakula kiingie mwilini, na kuzuia vijidudu visiingie. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa sana ya askari wa mwili, yaani kinga yake, wamewekwa karibu na utumbo. Katika mtoto aliyezaliwa juzi ukuta huo haujakomaa, na askari wake bado hawajazoea kazi. Hawajui kwamba protini ya yai ni chakula na kwamba kijidudu cha kuhara ni adui.

Kadhalika, katika siku chache baada ya kuzaliwa, bakteria wengi huingia na kufanya makao tumboni. Mtu asishtuke kwa neno hilo. Si bakteria wote walio wabaya. Wengine ni kama udongo mwema wa kitalu, na bila wao utumbo haukui sawasawa. Jambo la maana ni kujua wa namna gani watakaotangulia kukaa, na jambo hilo hutegemea sana kile anachonyweshwa mtoto.

KAZI YA MAZIWA YA MAMA

Maziwa ya siku za kwanza ni mazito na ya rangi ya manjano, nayo huitwa dang'a. Katika sehemu nyingine watu huyakamua na kuyamwaga, wakidhani ni machafu. Hiyo ni hasara kubwa, kwa maana maziwa hayo yamejaa kingamwili, ambazo ni kama askari waliotumwa na mama kwenda kuulinda utumbo wa mwanawe. Askari hao huupaka ukuta wa utumbo na kuwashika vijidudu kabla havijajishikiza. Tena hawatumwi ovyo. Mama anapokutana na kijidudu cha nyumbani kwake, katika maji yake na vumbi la uani kwake, mwili wake hutengeneza kingamwili za kukipinga, na kingamwili hizo hupita katika maziwa. Kwa hiyo maziwa ya mama wa Kakamega yana ulinzi juu ya maradhi ya Kakamega, na hakuna kopo liwezalo kufanya hivyo.

Jambo la pili ni sukari. Katika maziwa ya mama mna sukari za namna ya peke yake, zaidi ya namna 100, na ukiondoa maji ndizo zinazoshika nafasi ya tatu kwa wingi baada ya sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta. Ajabu yake ni kwamba mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa muda mrefu watu walishangaa ni kwa nini mama atumie nguvu zake kutengeneza chakula kisichomfaa mtoto. Jibu ni kwamba sukari hizo ni chakula cha bakteria wema. Mwaka wa 1899 Henry Tissier, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alipata katika kinyesi cha mtoto anayenyonya bakteria wa namna ambayo leo huitwa bifidobakteria. Hao ndio wanaozila sukari hizo, na wanapozila hutoa asidi inayofanya utumbo usiwe makao mazuri kwa vijidudu vya maradhi. Basi mama anaponyonyesha huwalisha wawili kwa wakati mmoja: mtoto wake, na walinzi wa mtoto wake.

Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na tangu mwaka wa 2001 limeshauri apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, pasipo maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Dawa aliyoandikiwa na mganga haikatazwi. Habari ya kiu isimsumbue mtu, kwa maana sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, nayo humtosha mtoto hata katika joto la Mombasa au Garissa.

Katika Kenya shauri hilo limesikiwa. Hesabu za afya za nchi nzima zilionyesha kwamba mwaka wa 2003 ni watoto 13 tu katika kila 100 wa chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Katika hesabu za 2008 na 2009 walikuwa 32, na mwaka wa 2014 wakafika 61. Hesabu za 2022 zilionyesha 60. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini yaonyesha pia kwamba watoto wanne katika kila kumi walikuwa bado wakipewa vitu vingine mapema.

HATARI YA KUCHANGANYA

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Mama kijana ana mtoto wa miezi miwili, na mama mkwe amekuja kumsaidia. Mtoto analia jioni. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, mpe maji. Mimi nimelea saba kwa maji na uji, na wote wako hai." Mama kijana anainamisha kichwa, kwa kuwa si adabu kubishana na mkubwa. Wala mama mkwe hasemi uongo. Saba wako hai. Walakini alizaa tisa, na wale wawili walikufa kwa kuhara kabla hawajaota meno. Siku zile hakuna aliyemweleza kwamba maji ya kisima yaweza kuwa adui, naye alifanya kwa upendo kama alivyofundishwa na mama yake. Si haki kumlaumu. Haki ni kumweleza kwa heshima yale ambayo hakuna aliyemweleza wakati ule.

Kuchanganya maziwa ya mama na vitu vingine katika miezi ya kwanza kuna madhara mawili. La kwanza ni uchafu: kijiko, kikombe, maji na chupa huleta vijidudu tumboni. La pili ni kwamba mtoto anaposhibishwa maji au uji hunyonya kidogo, na matiti yasiponyonywa hupunguza maziwa. Kisha mama husema maziwa yake hayatoshi, naye huongeza uji, na maziwa huzidi kupungua.

Ushahidi mkubwa ulitoka Afrika ya Kusini, katika habari za akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka wa 1999 wataalamu wa Durban walitangaza kwamba watoto wa akina mama hao waliopewa maziwa ya mama peke yake waliambukizwa kwa uchache kuliko wale waliochanganyiwa. Kazi nyingine ya KwaZulu-Natal, iliyotangazwa mwaka wa 2007, ilionyesha kwamba watoto walionyonya huku wakipewa vyakula vigumu mapema walikuwa katika hatari ya kuambukizwa karibu mara 11 kuliko wale walionyonya tu. Wataalamu wengi huona kwamba vyakula hivyo huudhuru ukuta laini wa utumbo na kuufungulia adui mlango. Siku hizi mama mwenye virusi hivyo hupewa dawa za kuvizuia, na akizitumia sawasawa hushauriwa amnyonyeshe mtoto wake maziwa peke yake kwa miezi sita kama akina mama wengine.

Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wako katika hatari zaidi. Wao hupatwa na ugonjwa mkali ambao utumbo huvimba na sehemu yake hufa. Mwaka wa 1990 wataalamu wa Uingereza, Alan Lucas na T. J. Cole, walitangaza habari za watoto njiti 926. Ugonjwa huo ulionekana mara sita hadi kumi zaidi kwa wale waliolishwa maziwa ya kopo peke yake kuliko wale waliolishwa maziwa ya binadamu peke yake.

Maziwa ya ng'ombe nayo ni chakula bora kwa mtoto mkubwa, lakini si kinywaji cha kumpa mtoto wa chini ya mwaka mmoja badala ya maziwa ya mama. Yana madini ya chuma machache, na kwa watoto wengine huufanya utumbo utoke damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho, hata mtoto akapungukiwa na damu.

FUNZO LA UJI WA PWANI

Iko habari moja iliyotoka Kenya hapa hapa na kusomwa na waganga wa dunia nzima. Kila mtu ajua kwamba mtoto anapofika miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kwisha, na uji wa mahindi peke yake hauwezi kuijaza. Kwa sababu hiyo ilitengenezwa poda yenye vitamini na madini, ya kunyunyizwa katika uji.

Katika pwani ya kusini ya Kenya wataalamu waliwachukua watoto 115 wa miezi sita. Kila siku, kwa muda wa miezi minne, watoto hao walikula uji wa mahindi wenye poda. Poda ya wengine ilikuwa na madini ya chuma, na ya wengine haikuwa nayo. Habari zao zilitangazwa mwaka wa 2015. Ilionekana kwamba madini ya chuma yaliwaongeza bakteria wa maradhi tumboni, na katika kinyesi cha watoto hao zilizidi dalili za uvimbe wa utumbo.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Sehemu kubwa ya madini yale haiingii mwilini, bali hushuka mpaka utumbo mpana. Huko bakteria wengi wabaya huyapenda na kuyatumia ili wazaane, na bifidobakteria hawayahitaji sana. Ni kama mkulima aliyemwaga mbolea shambani bila kupalilia. Magugu ndiyo yatakayoshiba kwanza.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 2017 ilitangazwa kazi nyingine ya pwani hiyo hiyo, ya watoto 155. Safari hii madini ya chuma yalipunguzwa mpaka miligramu 5, na watoto wengine waliongezewa sukari inayotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa, inayofanya kazi karibu na ile ya sukari za maziwa ya mama. Katika hao walioongezewa, bakteria wema walilindwa na madhara mengi ya madini yalipungua.

Mzazi asiifahamu habari hii vibaya. Upungufu wa damu ni hatari kubwa kwa mtoto, na madini ya chuma ni lazima ayapate. Mama aliyepewa poda au dawa katika kliniki asiitupe kwa sababu ya habari za gazeti. Akiwa na shaka na amwulize muuguzi. Funzo lenyewe ni kwamba miezi sita ikipita kunyonya kusikomeshwe, kwa maana chakula kipya kinahitaji ulinzi wa maziwa. Tena nyama, maini na samaki waliopondwa vizuri humpa mtoto madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya nafaka.

MZIO, NA SHAURI LILILOGEUZWA

Mzio ni kosa la askari wa mwili. Wao hukiona chakula, kama vile yai, karanga, samaki au maziwa ya ng'ombe, wakadhani ni adui, wakapiga vita. Vita hivyo huonekana kwa midomo kuvimba, vipele vya kuwasha, kutapika, au pumzi kubana, na mara nyingine mtu hufa. Watoto wengine hupata mzio wa maziwa ya ng'ombe ambao huuvimbisha utumbo na kuleta nyuzi za damu katika kinyesi.

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani walifikiri kwamba njia ya kumwepusha mtoto na mzio ni kumficha vyakula hivyo. Mwaka wa 1998 wakuu wa afya wa Uingereza walishauri kwamba watoto wa jamaa zenye mzio wasipewe karanga mpaka watimize miaka mitatu. Mwaka wa 2000 waganga wa watoto wa Marekani walitoa shauri kama hilo. Wazazi walitii, lakini mzio haukupungua.

Ndipo mganga Gideon Lack wa London na wenzake walipotazama jambo dogo. Waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na watoto wa Kiyahudi wa Israeli, na mwaka wa 2008 wakatangaza kwamba mzio wa karanga ulikuwa karibu mara kumi zaidi kwa wale wa Uingereza. Tofauti moja kubwa ilikuwa kwamba katika Israeli watoto hula vitafunio vya karanga tangu mwaka wao wa kwanza, na Uingereza walikuwa wakifichwa.

Ili kupata hakika walichukua watoto 640, wa umri wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali wa ngozi au mzio wa mayai. Wengine walipewa vyakula vyenye karanga mara kwa mara, na wengine walizuiwa kabisa mpaka miaka mitano. Matokeo yake yalitangazwa mwaka wa 2015. Katika wale ambao mwanzoni ngozi zao hazikuonyesha dalili ya mzio wa karanga, waliozuiwa walipata mzio karibu 14 katika kila 100, na waliokula walipata karibu 2 tu. Hata katika wale waliokuwa wameanza kuonyesha dalili, faida ilikuwa kubwa: 35 katika kila 100 kwa waliozuiwa, na karibu 11 kwa waliokula. Hivyo shauri la zamani liligeuzwa juu chini.

Wataalamu hao hueleza hivi. Chakula kikiingia kwa njia yake ya halali, yaani mdomoni na tumboni, askari wa mwili hukizoea na kukiita rafiki. Lakini mtoto mwenye ngozi iliyopasuka kwa ukurutu akiguswa na vumbi la chakula hicho kabla hajakila, mwili hukikuta mahali pasipo pake na kukidhania kuwa mwizi aliyeingia dirishani.

Je, maziwa ya mama huzuia mzio? Hapa hapana budi kusema kweli bila kutia chumvi. Katika nchi ya Belarus, mwaka wa 1996 na 1997, akina mama 17,046 pamoja na watoto wao waliingizwa katika kazi ya utafiti katika hospitali 31. Katika hospitali nyingine akina mama walisaidiwa sana kunyonyesha, na katika nyingine mambo yaliachwa kama kawaida. Habari zilipotangazwa mwaka wa 2001 ilionekana kwamba katika mwaka wa kwanza maradhi ya tumbo yaliwapata watoto 9 katika kila 100 wa hospitali zilizosaidia, na 13 wa zile nyingine. Ukurutu wa ngozi uliwapata 3 katika kila 100 upande mmoja, na 6 upande wa pili. Walakini watoto hao walipofika miaka sita na nusu, pumu na mzio havikuwa vimepungua. Basi maziwa ya mama ni ngao ya hakika juu ya kuhara, lakini juu ya mzio wa miaka ya mbele ahadi yake si ya hakika. Mama aliyenyonyesha vema na mtoto wake akapata mzio asijilaumu.

MIEZI SITA IKITIMIA

Mtoto akitimiza miezi sita, ndipo chakula kiingie, wala kisicheleweshwe. Uji uwe mzito wa kukaa katika kijiko bila kumwagika. Kwanza apewe vijiko vichache, mara mbili au tatu kwa siku, na aongezewe kadiri anavyokua. Vyakula vipya vijaribiwe kimoja kimoja, ili kama kipo kinachomdhuru kijulikane mara moja. Yai lililopikwa likaiva, samaki aliyeondolewa miiba, maharagwe yaliyopondwa, na karanga zilizosagwa laini katika uji, havina haja ya kungojewa mpaka mtoto afike miaka miwili au mitatu. Hapa wakulima wetu wana bahati, kwa kuwa karanga zilizosagwa ni chakula cha kale katika nyumba nyingi za Kenya.

Walakini kuna mambo manne ya kuangaliwa. Kwanza, mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuonyesha mzio wa chakula cho chote, apelekwe kwa mganga kabla ya kupewa karanga. Pili, karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa maana zaweza kumkaba koo. Tatu, karanga na mahindi yenye ukungu yasisagwe kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Mwaka wa 2004 sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na 125 katika hao walikufa. Anika nafaka juani mpaka zikauke sawasawa, na usiziweke chini penye unyevu. Nne, mtoto anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Usafi nao usidharauliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, maji yachemshwe, na kikombe kitumiwe badala ya chupa, kwa sababu kikombe huoshwa kwa urahisi. Lakini isidhaniwe kwamba usafi pekee unatosha. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga ulifanywa utafiti mkubwa, ambao habari zake zilitangazwa mwaka wa 2018. Nyumba nyingine zilipewa vyoo, dawa ya maji na mahali pa kunawa mikono, na nyingine zilisaidiwa katika lishe ya mtoto. Kimo cha watoto kiliongezeka kidogo pale palipokuwa na msaada wa lishe, wala hakikuongezeka kwa vyoo na maji peke yake. Chakula chema na usafi ni kama jembe na mpini wake. Kimoja bila kingine hakilimi.

Na mtoto akihara, asikatazwe kunyonya. Anyonye zaidi, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti inayotolewa katika kliniki, na apelekwe kwa muuguzi.

WAJIBU WA BABA NA WA MWAJIRI

Mambo haya yote hayawezi kubebwa na mama peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama mfanya kazi likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Mtu ye yote aliyejifunza hesabu ataona kwamba shauri la waganga ni miezi sita, na likizo ni mitatu. Miezi ile mingine mitatu ndipo kopo na uji wa mapema huingilia. Kwa hiyo Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa faragha ambapo mama aweza kunyonyesha au kukamua maziwa yake. Maziwa yaliyokamuliwa yakawekwa katika chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, humfaa mtoto mama anapokuwa kazini.

Makopo nayo yamewekewa mpaka. Mwaka wa 1981 mataifa yalikubaliana kanuni za kuzuia biashara ya maziwa ya watoto isiwapotoshe akina mama, na mwaka wa 2012 Kenya ilipitisha sheria yake ya kusimamia maziwa hayo na kukataza kutangazwa kwake. Sheria hiyo haisemi kwamba kopo ni haramu. Wako watoto ambao mama zao wamefariki au ni wagonjwa sana, na kwao maziwa ya kopo, yakitengenezwa kwa kipimo sawasawa na kwa maji yaliyochemshwa, ni msaada. Ubaya ni pale mzazi anapoyazidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, kwa maana mtoto hushiba maji na kukonda. Kwa watoto njiti na wagonjwa ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua mwaka wa 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama katika Kenya.

Baba naye asiseme kwamba kunyonyesha ni kazi ya wanawake. Yeye ndiye awezaye kumwambia mama yake mzazi kwa upole, "Mama, mganga ametuomba tungoje mpaka miezi sita, tusaidie kungoja." Yeye ndiye awezaye kuchota maji na kupasua kuni ili mkewe apate nafasi ya kuketi na kunyonyesha, na kuhakikisha kwamba anakula chakula cha kutosha. Baba aliyezoea kununua kopo ili aonekane mwenye uwezo angefanya vema zaidi kununua mayai na maharagwe kwa mama wa mtoto wake.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo walilisema juu ya tabia, lakini ni kweli hata juu ya utumbo. Yule mama mkwe wa mfano wetu, akielezwa vema, ndiye atakayekuwa mlinzi wa kwanza mlangoni jamaa watakapofika na chupa zao za maji. Atawaambia wangoje, nao watangoja, kwa sababu amesema mkubwa.